Sioni, na Haya Nimeyaandika Mwenyewe

Asifiwe Bwana aliyetuamsha leo, wanaoona na tusioona.

Ndugu zangu, mimi ni Bertha, wengi mnaniita Mama Stefano, muuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu, wa hapa hapa Liuli. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie. Tangu nimalize shule nimekuwa nikiandika kwenye daftari mambo ya siku: ziwa lilivyokuwa, nani kafiwa, nimemkasirikia nani na kama nilikuwa na haki. Sijawahi kuwa na uhakika kama ninachoandika kina maana. Na leo sina uhakika kama haya yanaitwa ushuhuda, maana mwisho wa ushuhuda watu hutegemea kusikia mtu ameponywa. Mimi macho sikuponywa. Nalisema mapema ili asiwepo wa kukaa akisubiri.

Macho yangu yaliondoka polepole, yakianzia pembeni. Nilikuwa naanika usipa kwenye chanja, kunguru anakuja kwa ubavu, simwoni mpaka ameshabeba. Wenzangu walicheka. "Mama Stefano, hao kunguru ni wakwe zako? Mbona unawakaribisha hivyo?" Nami nikacheka. Hayakuuma, ndiyo maana nilichelewa. Nilipokwenda hospitali daktari aliniambia ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Nilitia matone kama nilivyoelekezwa. Kilichobaki nacho kikaenda. Hapo sina wa kumlaumu, wala daktari, wala matone.

Niliendelea kuandika kwa kupapasa. Mistari ikapandana. Jirani yangu alijaribu kunisomea ukurasa mmoja, akasoma maneno mawili, akasema, "Mama, hapa ni kama kuku amekanyaga wino akapita." Nikaacha. Nisiwafiche, kuacha kuandika kulinilemea kuliko kuacha kuona. Kama ni dhambi kusema hivyo, nisamehewe. Lakini aliyepofuka kila mtu anamsemea. Nikienda dukani wanamuuliza aliyenishika mkono, "Anataka sukari?" Na mimi nimesimama pale pale na mdomo wangu.

Kikundi chetu cha maombi kilinilea. Walifunga kwa ajili yangu, walikuja wakati wa masika wamelowa, wamebeba kuni. Katika maombi hayo siku moja kitu kilinitoka kifuani. Ilikuwa ile hofu. Nikawaambia wenzangu: giza lipo, lakini leo haliniogopeshi. Dada Winifrida, katibu wetu, akasema hilo lazima kanisa lilisikie, akaliandika kwa niaba yangu, akalisoma mwenyewe Jumapili.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Nikasikia jina langu, halafu nikasikia: "Na sasa Mama Stefano ameanza kuona nuru, Bwana anamfungua macho." Vigelegele vikapanda mpaka kwenye mabati. Nilisimama nikasema sioni, lakini ngoma zilikuwa zimeshaanza. Tulipotoka nje nikamshika mkono Winifrida.

"Dada, mimi sikusema naona."

"Dada yangu, ushuhuda haukai nusu. Unakiri kwanza, jambo linafuata."

"Na lisipofuata?"

"Hiyo shaka ndiyo inayokufunga."

Ndugu zangu, nataka niwe wa haki. Winifrida hakusema uongo kwa kujua. Anaamini hivyo kwa moyo wake wote, na ndiye aliyenipeleka hospitali mara ya kwanza, akanisubiri kutwa nzima bila kula. Mimi ndiye mwenye shaka tangu utotoni. Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikijiuliza, labda ni kweli ninajifungia macho mwenyewe. Nilikaa mbele ya moto wa jiko nikiwa nimeyafumbua, nikingoja. Nilisikia joto usoni. Nuru sikuiona.

Yale maandishi yalipigwa picha, yakatembea kwenye simu kutoka kikundi hiki hadi kile. Yakapanda mpaka milimani. Ndivyo alivyonijia Mama Veneranda kutoka Maguu, mkulima wa kahawa, na binti yake wa umri wa kuanza shule. Jicho la kushoto la mtoto lilikuwa linatoka machozi, na mama alisema lina doa jeupe. Walishuka milima yote ile, wakapita mbele ya geti la hospitali, wakauliza iko wapi nyumba ya mama aliyefunguliwa macho.

Alinisalimia "Shikamoo mama," nikaitikia, nikamwambia: "Mwanangu, mimi sioni. Nipe mkono, uone ninavyopapasa."

Akacheka taratibu. "Watumishi wa kweli ndivyo walivyo. Wanajishusha."

"Sijishushi. Sioni."

"Lakini imeandikwa, mama. Imesomwa kanisani. Ninayo hapa kwenye simu." Akanisomea maneno ambayo sikuyasema, kwa sauti ya upole, mimi nikiwa mbele yake na macho yangu haya haya.

Nilimwomba ampeleke mtoto hospitali, tena ipo hapo tu. Akasema amekuja kwa imani, hawezi kurudi nyuma. Akaniomba nimwekee mtoto mikono. Nilimwekea, nikaomba kwa sauti kwamba Mungu awaongoze miguu yao mpaka hospitali. Mama Veneranda aliitikia "Amina" kwa kila neno isipokuwa hilo. Kesho yake wakapanda gari wakarudi kwao.

Habari ilinifikia baadaye. Walipokuja kumpeleka hospitali, lile doa kumbe lilikuwa kidonda, nacho kilikuwa kimeshatoboa, jicho limekwisha. Nilimuuliza muuguzi mmoja kama siku ile walipokuja kwangu lingepona. Akasema huenda lingepona, huenda lisingepona, hakuna anayeweza kuapa. Nayaandika yote mawili kwa sababu aliyasema yote mawili. Lakini kulala imekuwa kazi.

Halafu nikasikia jicho la kulia nalo limeanza kutoa machozi. Nilituma maneno Maguu kwa wanaosafiri, mara nyingi: sioni, sikufunguliwa, mpeleke mtoto. Jibu lilirudi kwamba Mama Stefano anajaribiwa, tumwombee. Ndugu zangu, maneno ya mdomo wangu yalikuwa yanashindana na karatasi, na karatasi ilikuwa inashinda. Nikaona kwamba nisipopata karatasi yangu, mtoto huyu atakuwa kama mimi.

Nani aniandikie? Yeyote nitakayemtuma ataandika anachoamini, na mimi sitajua.

Nikiwa katika hali hiyo nilipanda Mbinga kwa misa ya kumbukumbu ya marehemu dada yangu. Baada ya misa nilibaki kwa mume wake, shemeji Otmari, fundi wa redio, simu na kompyuta. Kutwa nilikuwa nakaa kwenye kibanda chake cha ufundi, nasikiliza bodaboda na watu waliokuja kugombana naye kuhusu chaja. Siku moja alikuwa anasafisha kompyuta ya mapajani ya zamani, iliyotupwa na ofisi fulani. Akanipakatisha. Nzito kama tofali.

"Hii ilikuwa na Windows," akasema. "Ukiiwasha unaweza kwenda shambani ukarudi bado inazunguka. Nimeifuta, nimeweka Linux."

"Ndiyo nini?"

"Ni mfumo wa kuiendesha kompyuta. Shemeji, fikiria nyumba ya chumba kimoja, mpangaji kajaza makabati. Umemtoa, umeleta mwenye mkeka mmoja. Nyumba ile ile, sasa inapitika."

Aliniambia haikuwa rahisi. Aliinakili kwenye flashi, mara ya kwanza ikaishia katikati, skrini nyeusi tupu. Aina nyingi mpya za hiyo Linux ziliikataa mashine kwa uzee wake, akatafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya wazee kama hiyo. Ikaingia. Lakini wateja hawaitaki. Wakiona haina kile walichozoea wanasema mbovu, wanaondoka.

Akaichukua tena, akaiwasha, akaendelea kufuta vumbi kwenye vitufe kwa kitambaa. Ghafla mashine ikasema kitu kwa Kiingereza, sauti ya mwanaume, kavu kama mtu aliyekunywa majivu.

Kitambaa kikaanguka. "Yesu na Maria! Shemeji, ni wewe?"

"Mimi na Kiingereza tumejuana wapi?"

Kisha akagusa kitufe, mashine ikataja herufi. Akagusa kingine, ikataja nyingine. Nikamwambia, "Rudia." Akarudia. Ikataja.

Otmari alitafuta kwenye simu yake akajua kilichotokea. Ndani ya ile Linux mlikuwa na programu ya kuwasomea wasioona, imelala, na kitambaa kilibana vitufe vyake vitatu kwa pamoja ikaamka. Akahangaika nayo mpaka akapata sauti ya Kiswahili. Si Kiswahili chetu, ni cha mgeni aliyefika jana mwenye mafua. Lakini ni Kiswahili.

Akanionyesha vitufe viwili vyenye kinundu kidogo, F na J, akasema hapo ndipo vidole vinaporudi nyumbani. Nilianza kama mtoto wa chekechea. Nikikosea inanitajia kosa langu bila huruma, lakini pia bila kunicheka. Nilikaa Mbinga muda mrefu kuliko nilivyoaga. Neno la kwanza nililoandika lote bila kukosea lilikuwa "sioni". Nikabonyeza isome. Ikasema: sioni.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa. Tangu nipofuke sikuwahi kusikia neno langu likinirudia kama nilivyolitoa. Halikuongezwa nuru, halikupunguzwa giza. Nilikaa na mashine ile mapajani, Otmari akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, niache kidogo.

Sitaki kuisifu kupita kiasi. Betri yake ilishakufa, inaishi kwa waya tu. Nilikuwa nimemaliza ushuhuda huu, umeme ukakatika, ukapotea wote kwa sababu sikuwa nimeuhifadhi. Nilianza upya, na sasa nahifadhi kila baada ya sentensi. Inapata moto, inalia kama inapanda mlima. Na ndugu mmoja wa kikundi alinionya kwamba kitu kinachotolewa bure, kama hiyo Linux, kina mwenyewe aliyejificha. Nilimuuliza Otmari, akasema kimetengenezwa na watu wengi wa nchi nyingi, wanakitoa tu. Nikamfikishia ndugu huyo nilivyoambiwa. Bado anaogopa, na kuogopa ni haki yake.

Wengine mtasema huo si muujiza, ni kitambaa kimebana vitufe. Huenda. Mimi namshukuru aliyeuongoza mkono wa Otmari, na anayeona vingine sibishani naye.

Otmari alinipa mashine, nikarudi nayo Liuli, na ushuhuda nikautuma kwa flashi, Otmari akauchapisha Mbinga ukiwa kama ulivyo. Ikabaki nani ausome. Ningeweza kuileta mashine hapa mbele, lakini watoto wangeicheka wakasahau maneno. Nikaenda kwa Dada Winifrida, nikamkabidhi karatasi. Akasoma kimya. Nilisikia kurasa zinageuka. Habari za jicho la yule mtoto wa Maguu alikuwa hajaambiwa, alipofika pale nilisikia ukurasa ukirudishwa nyuma.

"Unataka mimi niyasome haya mbele ya watu? Na ya kwangu?"

"Na ya kwako."

"Na nikiongeza?"

"Nitajua. Safari hii nayajua yote."

Akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. Akasema, "Nipe Jumapili."

Mazungumzo hayo nikayaongeza, Otmari akachapisha upya. Kwa hiyo, ndugu zangu, sauti mnayoisikia tangu mwanzo ni ya Dada Winifrida. Mimi nipo benchi la mbele, nafuata kila neno. Kama mpaka hapa sijasimama, hajaongeza hata moja. Mungu ambariki, maana mzigo huu ni mzito kwake kuliko kwangu.

Nawaomba mliosambaza ile karatasi ya kwanza muipige picha na hii, ipande njia ile ile mpaka Maguu. Mama Veneranda, ukiisikia, hii pia imeandikwa. Hii pia imesomwa kanisani, na aliyeisoma ni yule yule. Jicho la kulia la mtoto bado lipo. Mpeleke hospitali leo. Hutamwaibisha Mungu ukipita kwenye lile geti. Ukifika, nitakuja kukaa nanyi kwenye benchi la wagonjwa, na tutaomba hapo hapo, mimi na wewe, tukisubiri kuitwa.

Na wewe uliye gizani, la macho au la aina nyingine, mtumaini Bwana. Sikuahidi kwamba litaondoka. Langu halikuondoka. Nakuahidi tu kwamba anaweza kukukuta humo humo.

Ahsante kwa kikundi changu, kwa kuni na kwa kulowa mvua. Ahsante kwa Otmari. Dada Winifrida, huu ndio mstari wa mwisho, usome taratibu: mimi Bertha sioni, na ninamshukuru Mungu.