Aliyesikiliza Sufuria

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Mtanisamehe nikijikwaa. Hadi Jumatano nilidhani namjua.

Marehemu Baba yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, ingawa cheti kinasema 8 Machi. Akiulizwa, alijibu kwamba zote zinafaa. Na ni mtu huyohuyo aliyekataa katakata kukadiria chumvi kwa kiganja. Alikuwa wa pili kati ya watoto sita.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965 na sekondari mwaka 1969, aking'ara katika kemia. Watu wakamsubiri maabara, yeye akaenda chuo cha upishi. Babu alinuna mwaka mzima. Baba alimwambia jiko ni maabara ileile, ila hapa watu wanakula majibu.

Januari 1973 aliajiriwa katika jiko la hospitali, akawa mpishi mkuu mwaka 1984 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Huko ndiko alikoitwa Mzee Kipimo, maana kipimajoto kilikaa mfukoni mwa shati lake kama kalamu. Maharage yake yalitokota kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kupunguziwa moto, kwa kuwa yana sumu isiyokubali moto wa kubembeleza. Wali uliokaa mezani zaidi ya saa mbili aliumwaga, hata uwe unanukia. "Pua haioni vijidudu," alisema.

Alifunga ndoa na Mama tarehe 9 Desemba 1978. Katikati ya sherehe bwana harusi alitoweka. Alipatikana jikoni, na suti yake mwilini, akiwachoma kuku mapajani kwa kipimajoto, na hakurudi mpaka wote walipofika nyuzi sabini na nne. Mama alikaa peke yake dakika ishirini mbele ya wageni. Mpaka leo akisimulia hujui kama anacheka au amekasirika.

Mimi alinifundisha kusikiliza. Vitunguu vikiingia kwenye mafuta hupiga kelele, kwa sababu maji yanavitoka. Kelele zikipungua, maji yameisha, na hapo ndipo vinapata rangi na utamu. "Usitie nyanya kabla havijanyamaza," alisema. Miaka ya mwisho alisimama juu ya sufuria amefumba macho kabisa. Nilidhani anasinzia.

Nimepika shuleni miaka ishirini na miwili, na kila nilipompelekea chakula aliuliza nyuzi na dakika tu. Neno zuri sikulipata. Iliniuma, nisiwafiche.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022. Jumapili tarehe 13 Agosti 2023 nilimpelekea wodini mchuzi usio na chumvi. Akauliza, "Vitunguu vilinyamaza?"

"Vilinyamaza, Baba."

Akala vijiko vitatu, akasema, "Mtamu." Nilitoka wodini nikilia kwa furaha. Kesho yake, saa tatu asubuhi, alifariki.

Jumatano tulipokuwa tukiandika maneno haya, Mama akasema, "Andika na pua."

"Pua gani, Mama?"

"Baba yako hakuwa akisikia harufu wala ladha. Tangu yale mafua ya 2009."

"Miaka kumi na minne! Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utaacha kumletea chakula."

Tangu hapo nimechanganyikiwa. Ule mchuzi alionja nini? Alinidanganya kwa huruma, au aliamini jibu langu kuliko ulimi wake? Na yale maneno ya pua na vijidudu, aliyaanza kabla ya mafua au baada? Nimewauliza kaka zangu, kila mmoja ana lake. Nina hasira naye, na ninatamani arudi nimuulize hata swali moja.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na ndugu wawili. Kipimajoto Mama amenipa mimi.

Leo asubuhi nilisimama juu ya sufuria ya chakula chenu, nikakiacha kipimajoto mfukoni, nikafumba macho.

Lala kwa amani, Baba. Vimenyamaza.