Bega Langu la Kushoto

Asalaam aleikum kwa wenzangu wa msikitini, na ninyi wa kanisani, Bwana awabariki. Nimeombwa niseme Kiswahili kwa sababu wageni wetu kutoka Bwera wamepanda mlima kuja kuona chama chetu cha machela, na wengine wao wakisikia Kilhukonzo wanatabasamu tu. Basi mnivumilie, Kiswahili changu ni cha sokoni mpakani.

Kwanza niangalieni. Angalieni mmalize! Tangu niingie mnanong'onezana: "Huyu si yule mama mnene wa maharage? Mbona amekonda hivi?" Sina ukimwi, sijalogwa, na mume wangu hajanifukuza. Nilikatwa tumbo. Daktari alipunguza tumbo langu la chakula, likabaki kama ndizi moja ya kuiva. Lakini sikupanda mpaka Kyarumba kuwasimulia habari za kukonda. Nimekuja kuwaambia kwa nini nilikatwa, na jinsi nilivyokaribia kufa hapo juu, kwenye kitanda cha marehemu mama yangu.

Mama mlimjua. Mnene, mcheshi, akicheka kuku wanakimbia. Siku kifua kilipombana, dada yangu mkubwa aliyekuwa akiishi naye alitoka nje akapiga filimbi ya chama. Watu wakaja, wakamlaza mama kwenye machela, wakaanza kumshusha kwenda barabarani, mahali gari linapofika. Mimi nilikuwa dukani Bwera. Nikapanda boda, nikafika chini ya mlima, nikaanza kupanda kwa miguu huku napumua kama ng'ombe, nikakutana nao katikati ya njia.

Aliyekuwa akiongoza ni mzee wetu, askari mstaafu, tunayemwita Afande. Kila baada ya kipande kidogo cha njia anapaza sauti: "Badilisha bega!" Mti wa machela unatoka bega la kulia unakwenda la kushoto. Kipande kingine: "Weka chini!" Wanamweka mama kwenye nyasi. Mama anasema, "Wanangu, nisameheni, mimi ni mzito." Wanambeba tena, wanamweka tena, na yeye anaomba msamaha tena. Mara ya mwisho walipomweka hakusema kitu. Nikamshika mkono, nikaita, "Mama, mama." Alikuwa ameshakwenda.

Kwenye matanga nilikaa nyuma ya jiko, sitaki mtu. Nikamsikia Afande akimwambia mwenzake, "Ile mama ilikuwa mzito sana. Ingekuwa mwepesi tungefika." Hakujua kwamba niko pale.

Ndugu zangu, maneno hayo yaliingia kwangu yakakaa. Nikiwa napima maharage ya mteja, nayasikia. Nikipanda ngazi za msikiti nasikia "Weka chini!" mpaka nageuka nyuma kuona nani amesema. Na mimi nilikuwa mnene kumpita mama. Sukari ilikuwa imenianza, magoti yanalia, ndiyo, na daktari alikuwa ameshaniambia habari za upasuaji huo. Lakini msidanganyike, sikwenda kwa ajili ya magoti. Nilikwenda ili siku yangu ikifika, nibebeke.

Hospitali ilikuwa mjini, mbali, sitaitaja. Siku hizi wanaingiza mashine kwa matundu madogo. Niliingia asubuhi, na jioni ileile nikatoka natembea mwenyewe, nimeinama kidogo. Nikakaa kwa shangazi karibu na hospitali mpaka waliponiruhusu kusafiri. Daktari alikuwa kijana mpole. Akanieleza: kunywa kidogo kidogo, usiguse chakula kigumu, tembea ndani ya nyumba. Na ukiona homa, au moyo unakwenda mbio, au bega la kushoto linauma, nipigie simu palepale. Akaniuliza, "Nyumbani gari linafika?" Nikasema linafika. Bwera linafika, si ndiyo?

Lakini sikubaki Bwera. Mnatujua sisi watu wa soko. Mgonjwa analishwa! Mmoja analeta samaki, mwingine chapati, mwingine anasimama mlangoni mpaka aone umemeza. Nikamwambia mume wangu, "Hawa wataniua kwa upendo." Nikapanda huku kwa dada, polepole, napumzika kila kona, nikalala kwenye kitanda cha mama.

Godoro lile lina shimo la mwili wa mama. Nililala ndani yake nikaenea. Dada anasonga bundu, ugali wetu wa muhogo, jikoni, harufu ya maharage inanijia, na tumbo langu liko kimya kabisa. Mimi! Mtu ambaye maisha yangu yote tumbo lilikuwa linaongea kuliko mdomo! Kimya kile kiliniogopesha kuliko kisu cha daktari. Nikawa najiuliza, sasa aliyelala hapa ni nani?

Halafu mchana mmoja, jua kali, dada yuko shambani, nikasikia njiani nyuma ya nyumba: "Badilisha bega!" Wazi kabisa. Nikajikokota hadi dirishani. Hakuna mtu, kuna mbuzi wa jirani tu. Nikarudi kulala. Ikaja tena. Dada aliporudi nikamuuliza, "Nani anabebwa leo?" Akasema hakuna. Akaniangalia vibaya, nikageukia ukuta.

Kesho yake bega la kushoto likaanza kuuma. Daktari alikuwa amenitajia bega hilohilo, na mimi sikukumbuka hata neno lake moja. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni mama. Nilifikiri uzito wake umenifuata, kwamba wale wanaume waliubeba siku ile na sasa ni zamu yangu. Wallahi, niliamini hivyo. Homa ikapanda, moyo unagonga, nami nimelala nasema moyoni, acha niubebe, ni haki yake. Sikumwambia dada. Nilimwambia mama. Nilimwomba radhi kwa kuchelewa njiani.

Dada alinigusa paji la uso akaruka. "Yoo! Unaungua!" Akachukua simu yangu akampigia daktari. Nilisikia sauti ya yule kijana ikibadilika: "Bega? Bega la kushoto? Tumbo linavuja ndani. Mpelekeni hospitali iliyo karibu sasa hivi, msingoje."

Dada akachukua filimbi ukutani. Nikamshika nguo. "Usipige. Nitatembea."

"Utatembea na nini?"

"Wataniweka chini, dada. Wataniweka chini kama mama."

Akanikaripia, na machozi yanamtoka: "Mimi nilimzika mama peke yangu humu ndani, kila siku namzika, na wewe unataka nikuzike kwa sababu ya aibu? Niachie!" Nikaamka nimwonyeshe kwamba naweza. Nilianguka mlangoni. Nikiwa pale sakafuni nikasikia filimbi, na safari hii ilikuwa ya kweli.

Walikuja. Wa kwanza kuinama mlangoni alikuwa Afande. Nilipomwona, ndugu zangu, mdomo ukasema wenyewe, bila mimi: "Nisameheni, mimi ni mzito." Sauti ilikuwa ya mama. Dada alisikia, muulizeni.

Afande akachuchumaa. "Nani alikwambia?"

"Wewe. Kwenye matanga. Ulisema mama angekuwa mwepesi mngefika."

Akasema, na ninamkariri kama alivyosema: "Nilisema. Nilikuwa na hasira, na hasira nikaiweka kwa maiti. Sikiliza, wewe mama. Mutu mzima iko mzito, wote iko mzito! Siku ile tulikuwa kikundi moja tu. Filimbi ililia, watu wakabaki kwa kahawa yao. Hakuna wa kutupokea. Ndiyo maana bega ileile, bega ileile, mpaka tunaanguka. Mama yako haikuuliwa na kilo. Leo nimepiga simu mpaka ng'ambo ya mto, wengine iko wanapanda. Sasa funga mdomo. Inua!"

Nikabebwa. Nilikuwa nimefumba macho nasubiri lile neno. Badala yake nasikia, "Badilisha watu!" Wengine wanaingia chini ya mti, wengine wanatoka, na mimi bado niko juu. Mara moja tu alisema weka chini, nikapiga kelele kama mtoto. Akaniinamia: "Tunakunywa maji, mama. Wewe uko hai." Wakanywa, wakaniinua.

Gari lilinipeleka Kasese, wakanitundikia dripu na dawa, kisha wakanirudisha kwa daktari wangu. Akanitia mpira ubavuni kutoa uchafu, nikakaa huko muda mrefu, nikapona. Sukari imeshuka, magoti yamenyamaza. Masikio ndiyo hayajapona. Hata leo nikipanda hiyo njia, kwenye zile nyasi alipowekwa mama, nimesikia "Weka chini!" Nimesalimu nikapita.

Asante, dada, uliyenikaripia. Asante, Afande, kwa kusema ukweli mbele ya mgonjwa. Asanteni wote mlioingia chini ya mti ule, wa msikiti na wa kanisa, na yule kijana mgeni wa kiwanda cha simenti ambaye hata lugha yetu hajui. Daktari wangu, Mungu amzidishie.

Na somo langu ni fupi. Mgonjwa, ukiambiwa dalili, usizipe maana yako. Piga simu. Na ninyi wazima: siku ya mama yangu filimbi ilisikika kilima chote. Kuna watu walikuwa juu ya miti yao ya kahawa, wakasema wengine watakwenda. Baadhi yenu mko humu. Sitafuti mtu, na sitamtazama mtu. Lakini mimi nilikubali kukatwa mwili ili niwe mwepesi kwa watu ambao hawakuja.

Nimeshapungua, kiasi changu nimemaliza. Sasa ongezekeni ninyi. Afande anataka kikundi cha tatu kwa upande huu wa mto. Nani anaingia? Nyosheni mikono juu, niione. Mimi sikai chini. Nitasimama hapahapa mpaka nione mikono.