Majosho Ishirini na Moja

Benchi la mbele ya mgahawa wa Bi Stamata, mtaa wa Nikea nyuma ya bandari ya Pireo, linakaa watu watatu na nusu. Asubuhi ile ya Julai aliyekaa nusu alikuwa Anestis, mwalimu mstaafu wa hesabu. Binti yake alikuwa amempatia chumba kisiwani Lipsi, kwa Bi Marigo, chumba kilekile walichopanga yeye na mkewe Evanthia kila Agosti kwa miaka thelathini na mmoja. Evanthia alifariki Februari ya mwaka uliopita, na kiangazi kilichofuata Anestis hakutoka mjini. Sasa Bi Marigo amesema atakishika chumba hadi saa sita mchana. Baada ya hapo anampa mwingine. Ilikuwa saa nne na robo. Anestis hakuwa amempigia. Kosa alilofanya ni kuwaambia wenzake.

— Mpigie mama wa watu sasa hivi, alisema Kapteni, ambaye aliuza tiketi za meli miaka thelathini na akipanda yoyote hutapika ikiwa bado imefungwa gatini. — Ila boti ya kasi usipande. Haraka haraka haina baraka. Panda meli ya taratibu, safari ya saa kumi na mbili, ulale sitahani na koti lako.

— Saa kumi na mbili, na mgongo wa miaka sabini na mbili? alisema Profesa. Huyu alikuwa kinyozi. Uprofesa aliupata kwa kusoma magazeti ya wateja. — Kule watamshusha kwa winchi.

— Mnabishania meli, na la maana hamjaliuliza, alisema Chumvi, aliyepewa jina kwa namna anavyozikoleza habari. — Anakwenda kwa majosho mangapi?

Hapo wote wakakaa vizuri. Watu wa rika lao huhesabu kuoga baharini kama dozi ya daktari, na Septemba wakikutana, kabla ya kuulizana afya, huulizana wamefikisha mangapi.

— Ishirini na moja, alisema Profesa. — Na lazima yawe witiri. Ukitoka baharini na shufwa, mwili unayarudisha yote Oktoba, kikohozi kwa kikohozi.

— Nani kasema? aliuliza Kapteni.

— Marehemu mama. Na aliishi miaka tisini na nne.

— Hiyo nayo shufwa, alisema Kapteni.

— Ndiyo maana akafa, bwana!

— Sikilizeni, alisema Chumvi. — Maji ya Lipsi mazito. Josho moja kule ni sawa na matatu ya pwani yetu hii. Saba tu yanamtosha. Wiki moja, anarudi kapona.

— Kapona nini? aliuliza Anestis.

Kapteni akatazama ndani ya kikombe chake.

— Magoti, alisema Chumvi upesi.

— Kama Lipsi yenyewe ataikuta, alidakia Kapteni, naye akashukuru kwa kupata la kusema. — Visiwa vinasogea, jamani. Nilipoanza kazi Lipsi ilikuwa safari ya saa tisa. Leo kumi na mbili. Hizo tatu zimetoka wapi? Kinaelekea Uturuki kile, polepole. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

— Ufa gani? Wa bahari? aliuliza Profesa.

— Huohuo.

— Meli ndiyo imezeeka, mzee, kama wewe.

— Hayo yote madogo, alisema Chumvi. — Mimi namwogopa Bi Marigo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu atamwamsha akachume zeituni.

— Agosti? alisema Profesa. — Zeituni huvunwa Novemba!

— Atamwanzisha mapema, azoee.

Anestis akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na wale watatu wakajifanya hawakukisikia, kama watu wanaoogopa kumrusha ndege.

— Evanthia mwaka wa mwisho alifikisha ishirini na saba, alisema. — Alikuwa akinitajia namba kutoka majini, nami naiandika nyuma ya kitabu.

— Witiri, alisema Profesa kwa sauti ya chini. — Mungu amrehemu.

Mlangoni alikuwa amesimama Kaliroi, mshonaji aliyehamia ghorofa ya juu wiki iliyopita, akinywa kahawa yake.

— Samahani, baba zangu. Mama, mkeo, alifikisha ishirini na saba. Na wewe, mwalimu?

Wote watatu wakamgeukia Anestis.

Anestis akatafuta jibu kwa uaminifu. Viangazi thelathini na kimoja. Alijua namba ya Evanthia ya kila mwaka. Alikumbuka kiti kivulini, penseli, suruali aliyoikunja hadi chini ya goti, viatu vya mkewe alivyoviweka chini ya kiti visipate joto. Yeye mwenyewe hakuwa na namba. Hata sifuri hakuiandika, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

— Mimi nilikuwa nashika taulo, alisema.

— Maji ukiyavulia nguo... alianza Chumvi.

— Hajavua hata soksi, alisema Profesa. — Mwache.

Anestis akatoa simu. Namba aliikosea, akairudia mara mbili.

— Bi Marigo? Anestis hapa. Ndiyo, ninakuja. Peke yangu... Ahsante, mama, ahsante. Hapana, kitanda cha pili usikiondoe. Nina swali moja tu. Pale ufukweni kwako, mtu akiingia, kina kinafika wapi?

Alisikiliza kwa muda mrefu, akiitikia kwa kichwa kana kwamba anaonekana.

— Kiunoni, aliwaambia alipokata simu. — Anasema unatembea hatua arobaini, bado kiunoni tu. Sasa jamani, bukta ya kuogelea inauzwa wapi?

Wazee watatu waliozaliwa kwa mlio wa honi za meli wakatazamana. Hakuna aliyejua.

Kaliroi akaweka kikombe dirishani, akachomoa utepe wa kupimia mfukoni.

— Simama, mwalimu.

Naye akasimama.