Jino Lililopigwa Tupa

Kuna fumbo ambalo seremala aliyeitwa Randa hajalifumbua mpaka leo. Siku alipowekewa daraja la meno manne ya bandia, daktari alimpa karatasi ya bluu ang'ate, akamuuliza mara tatu kama kuna mahali pamezidi. Mara tatu Randa akajibu "sawa", ilhali ganzi ilikuwa imemjaa shavuni na hakuhisi hata ulimi wake. Kwa nini? Labda alimwonea huruma yule daktari binti, aliyekuwa ameinama saa tatu nzima. Labda aliona haya kusumbua. Ikafika wiki ya tatu: upande wa kulia ulikuwa ukikutana kabla ya kushoto, na maumivu yalikuwa yakipanda hadi sikioni. Jioni moja aliketi kwenye benchi mbele ya duka la Kinyozi, akipuliza kahawa asiyoweza kuinywa, na wenzake wakamgeukia.

— Hiyo ni shoti, alisema Waya, fundi umeme. Chuma kipya chini, jino lililozibwa zamani juu. Ukifunga mdomo umeunganisha nyaya.

— Mbona hata nikiufungua linauma?

— Umeme hauna adabu, kaka. Ndiyo maana wakasema mchagua jembe si mkulima.

— Jembe limeingiaje hapo? alidakia Kinyozi. Sikiliza, Randa. Nimekunyoa miaka kumi na miwili. Kichwa chako kimelalia kushoto. Daktari kakupimia meno ya kichwa kilichonyooka.

— Kwa hiyo nikatwe kichwa?

— Lalia upande wa pili mwezi mmoja tu. Bandu bandu huisha gogo.

Randa alishtuka kusikia habari za kubandua. Akaziba mdomo kwa kiganja.

— Ngojeni, alisema Waya, macho yakimtoka. Je, kama kawekewa meno ya mtu mwingine? Hivi sasa kuna jamaa mtaa wa pili anatafunia daraja la Randa. Yeye ananenepa, huyu suruali inamshuka!

Benchi zima likacheka. Randa naye akacheka, hewa ikapiga jino, machozi yakamlenga.

Ndipo akatokea shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye hakuwa mtu wa kijiweni. Alisalimia, hakuketi.

— Shemeji, dada kanituma. Wiki tatu chakula chake kinarudi jikoni. Anauliza, unakula kwa nani?

Randa akaweka kikombe chini.

— Sili kwa mtu, alisema Randa. Ni meno.

— Si ulimwambia dada meno yamekaa vizuri?

— Nilimwambia.

— Sasa daktari anasemaje?

Waya alichungulia kikombe chake. Kinyozi akaanza kukung'uta kitana kisichokuwa na unywele hata mmoja. Katika jioni zote walizolijadili jino hilo, hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza hilo.

— Sijarudi kwake, alisema Randa.

— Kwa nini?

— Niliyasawazisha mwenyewe. Kwa tupa ya kunolea msumeno, mbele ya kioo cha kabati la mteja.

— Umelipiga tupa daraja?

— Nilidhani ni daraja. Kumbe upande mkali wa tupa ulikuwa juu, nikawa nakwangua jino langu la juu. Zima kabisa, si lile lililozibwa, halikuwa na kosa. Sasa hata upepo unaniuma.

Hakuna aliyecheka. Waya alisema tu, "Kaka," akamshika bega.

— Mimi fundi, aliendelea Randa. Watu wananipa milango yao. Nitamtazamaje yule binti nimwambie nimeharibu kitu kizima?

— Niende nikamwambie mimi, alisema Kinyozi. Maneno ndiyo kazi yangu.

— Au tumpigie simu, alisema Waya.

— Hapana, alisema shemeji. Na dada yangu je, naye tumpigie? Mwanamke anadhani ana mke mwenza.

Wakaamua hivi: Randa amweleze mkewe jioni hiyo hiyo, na asubuhi aende kwa daktari akaseme kwa kinywa chake mwenyewe. La kwanza alilitimiza, ameketi kwenye kigoda cha jikoni, kwa maneno machache. La pili lilimshinda, ingawa mkewe alimsindikiza. Daktari alipouliza, "Tatizo ni nini, baba?" Randa alitazama viatu vyake. Aliyejibu ni mkewe. Alieleza yote, hata tupa hakuiacha, huku amemshika mumewe mkono wa shati.