Kocha Aliyekataa Kupambwa

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Kocha, alizaliwa tarehe 12 Aprili 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa breki na mkewe mshonaji. Mimi ninayesoma ni kitindamimba wao, niliyelelewa mgongoni mwake.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, akajifunza kushona kwa mama. Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, na mwaka 1980 akaunda timu ya mpira wa pete ya wasichana wa kiwandani. Walifanya mazoezi kwenye uwanja wa kupakilia mizigo baada ya kengele ya jioni. Ukimwambia mvumilivu hula mbivu, alikujibu, "Mbivu inaliwa na aliyepanda mti. Panda!" Wapo hapa leo waliosomesha watoto kwa ukaidi waliouokota pale.

Mwaka 1982 aliolewa na seremala, marehemu shemeji yetu, aliyelalamika maisha yake yote kwamba alioa filimbi. Walijaliwa mabinti wawili.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini marehemu alinikataza. "Msinipambe," alisema. "Ya Kamba yasomwe."

Kamba alikuwa mchezaji wake mwembamba kuliko wote. Katika fainali ya tarehe 9 Septemba 1995 aliumia kifundo cha mguu, akachechemea pembeni kuomba apumzishwe. Dada alimwambia mbele ya watu wote, "Timu yangu haina vitanda. Nenda kwenu ukalale, na usirudi." Mguu ulikuwa umevunjika. Dada alipopata habari aliona haya kwenda kumjulia hali, na siku zikawa miaka. Nasi ndugu, Mungu atusamehe, maneno yale tuliyafanya kichekesho cha kila sherehe.

Tarehe 3 Februari 2021 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyeingia chumbani alikuwa Kamba. Kazi hiyo aliipenda alipokuwa akitibiwa mguu wake.

"Shikamoo, Kocha."

Dada aliitikia marahaba akiwa ameugeukia ukuta.

Siku ya kwanza ya kusimamishwa, aliporomoka kitini akalia. "Nimeshindwa. Niache."

"Keti kwanza, Kocha. Tutajaribu tena ukiwa tayari."

Dada alijifunika uso kwa shuka. "Mimi sikukupa hata kiti."

"Hukunipa. Na mimi nilikulaani njia nzima mpaka nyumbani," Kamba alisema, akimfuta machozi. "Haya, shika bega langu."

Alitembea tena kwa fimbo, miaka mitatu. Aliniambia kwamba uvumilivu alikuwa ameufundisha nusu tu, na nusu nyingine alifundishwa na mchezaji aliyemfukuza. Aibu ile haikumtoka. Kiharusi cha pili kilimchukua akiwa nyumbani kwake, asubuhi ya tarehe 17 Mei 2024.

Ameacha mabinti wawili, wajukuu watano, na mimi. Tulipoandaa maneno haya tulimwomba Kamba tumwandike binti wa tatu. Alikataa. Alisema anataka kile alichonyang'anywa, na kitajwe mbele ya watu wote kama kilivyoondolewa. Basi marehemu ameacha pia mchezaji wa timu yake.

Mungu ampumzishe dada yetu, na awe mpole kwake.