Breki Nyekundu kwenye Mteremko wa Mbooni

Asifiwe Bwana wa vilima na wa mabonde! Asifiwe tena kwa nguvu, maana nimekuja hapa mbele kwa miguu yangu mwenyewe, na mama yangu ameketi pale karibu na dirisha, na sisi wote wawili ni wazima!

Ndugu zangu, wengi wenu mnaniita Kyalo wa pampu, kwa sababu kazi yangu ni kufunga pampu za sola kwenye visima, kutoka hapa Mutomo mpaka Ikutha. Vijana wananijua kwa gari langu, lile la bluu lililoinama mbele kama paka anayenyatia, ambalo mnalisikia kabla ya kuliona. Lakini wachache walijua kwamba mwenye gari hilo alikuwa mfungwa. Nilikuwa mfungwa wa mteremko.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alibeba maembe na maparachichi kutoka milima ya Mbooni, kule Makueni alikozaliwa mama, akiyashusha hadi barabara kuu. Nikiwa bado mtoto wa shule, breki za lori lake zilikataa kwenye kona moja ya mteremko ule. Baba hakurudi nyumbani.

Tangu siku hiyo mama hakupanda Mbooni tena. Ndugu zake walioa na kuzaa, wengine wakazikwa, yeye akatuma salamu na sukari. Alipoulizwa alijibu kwa neno moja: "Nitapanda siku Kyalo atakaponipeleka. Na atakayenishusha awe yeye."

Alisema hivyo kwa upendo. Lakini mimi, kila nilipoyasikia maneno hayo, nilitafuta kazi ya kufanya nje. Kwenye nchi yetu hii tambarare niliendesha kama upepo. Barabara ilipoanza kuteremka, hata kidogo tu, mguu wangu wa kulia ulianza kutetemeka juu ya breki kama mguu wa cherehani. Nilikuwa nikizunguka njia ndefu ya vumbi ili kukwepa kilima ambacho akina mama wanakishuka na kuni kichwani. Nani angeamini? Kijana mwenye gari la michezo anayeogopa kilima!

Gari hilo lilipofika, jipya kabisa machoni pangu, limeshuka melini juzi tu, nililipeleka Kitui mjini kwa rafiki yangu Mutiso, fundi ambaye haongei bila kucheka. Mutiso alilizunguka mara kadhaa akilipapasa.

"Kyalo, hii tunaamsha," akasema. "Tunaweka turbo kubwa, ekzosi ya kuamsha wafu, halafu tunaikata springi ilale chini kabisa."

"Nina mfuko mwembamba," nikamwambia. "Na nyumbani kuna mito ya mchanga. Ikilala chini, itaamkia wapi?"

"Sasa unataka nini?"

"Nataka isimame."

Mutiso alicheka mpaka akashika ukuta. Akawaita mafundi wenzake waje wanione. "Wengine wanaleta gari niwauzie mwendo," akawaambia. "Huyu amekuja kununua kusimama!"

Lakini alinisaidia, Mungu ambariki. Na niwaambie vijana walio hapa, gari la michezo linaweza kuboreshwa bila kuuza shamba. Tulianza na matairi mazuri, kwa sababu nguvu yote ya injini inapita pale tairi linapogusa lami. Tulitoa spika zilizojaza buti lote, ambazo mwenye gari wa kwanza aliziweka, gari likapungua uzito na kuwa jepesi kama ndama. Tukabadilisha plagi na kichujio cha hewa, tukanyoosha magurudumu. Yote yaliyobaki mfukoni niliyaweka kwenye breki. Tulipata breki kubwa za mitumba zilizotoka kwa gari la nguvu zaidi, tukazisafisha, tukazipaka rangi nyekundu kwa mikono yetu, tukaweka pedi mpya, na tukavuta bomba la kupeleka hewa ya baridi kwenye diski. Nikanunua rimu zenye matundu makubwa ili breki zipate kupumua. Ukisimama kando ya gari langu unaziona breki zile zinang'aa ndani ya gurudumu, kama pilipili kwenye sufuria.

Gari likabadilika, ndugu zangu! Likawa linakata kona kama linashikwa mkono. Ukigusa breki, linatulia papo hapo. Lakini mguu wangu uliendelea kutetemeka. Unaweza kuboresha gari lote, na moyo ukabaki vile vile ulivyotoka kiwandani.

Kisha Mjomba Kilonzo akapiga simu. Huyu ndiye kaka pekee wa mama aliyebaki hai, na sauti yake ilikuwa imeanza kukonda. "Mwambie dada yangu," akasema, "mimi sitaki tena salamu za simu. Nataka uso wake."

Mama aliposikia alienda akatoa viatu vyake vya kanisani, akavifuta, akaviweka mlangoni. Mimi nikajua siku imefika.

Jumamosi tukapanda Mbooni. Kupanda hakuna shida, kilima chenyewe kinakushika. Jinsi mama na Mjomba walivyosalimiana siwezi kueleza, kwa sababu nilitoka nje. Jioni mama alikuja nilipokuwa nikilifuta gari vumbi, akainama kwenye gurudumu la mbele.

"Hizi nyekundu ndizo breki?"

"Ndizo, Mama."

"Zote hizi? Za baba yako zilikuwa hivi?"

"Hizi ni nzuri zaidi."

Alizitazama kwa muda mrefu, akaingia ndani.

Kesho yake tulienda ibada na Mjomba. Mnajua desturi yetu: gari jipya la mtoto wa dada haliwezi kuondoka bila kuombewa. Baada ya ibada kanisa zima likatoka nje, likalizunguka gari kwa wimbo, wazee wakaweka mikono juu ya boneti, watoto wakaweka mikono popote walipofikia. Mchungaji akaomba, mimi nikafumba macho. Maombi yalikuwa marefu. Nilihitaji yawe marefu, kwa sababu baada ya amina ilibaki njia ya kurudi.

Tukaagana, tukaondoka. Mama alikaa nyuma kama kawaida yake. Hakuwahi kukaa kiti cha mbele tangu baba afe. Kutoka kanisani kupita soko ni tambarare, sikuhitaji breki. Tukafika pale barabara inapoanza kuanguka, lami nyembamba, mlima upande wa kulia na bonde upande wa kushoto. Nikakanyaga breki.

Gari halikusimama.

Ndugu zangu! Nikakanyaga tena kwa nguvu zote. Zilishika kidogo nyuma, lakini mbele zilikuwa zinateleza kama mkono wenye sabuni. Moshi ukaanza kutoka kwenye magurudumu, na harufu ya kitu kinachokaangwa. Mbele yetu kona. Nyuma yangu nikasikia mama akisema kwa sauti ndogo sana, "Ngai wakwa, si tena. Mungu wangu, si tena."

Sasa sikilizeni alichofanya Bwana. Mguu ule uliotetemeka miaka yote, saa ile ulitulia. Sikuutuliza mimi! Mkono wangu ukashika gia, ukarudisha ya tatu, injini ikalia, gari likajivuta. Ukarudisha ya pili, likalia zaidi, likapungua. Mkono ukavuta breki ya mkono taratibu, kidogo kidogo, kama mtu anayevuta kamba ya ng'ombe bila kumshtua. Nikavuka barabara, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Likaukwaruza ukingo, likaukwaruza, likaukwaruza, likasimama. Rangi yote ya ubavuni ilibaki ukutani pale. Haleluya, acha ibaki!

Mama mmoja aliyekuwa akifua nguo kando ya bomba la maji, penye tambarare ndogo, akaja mbio, mikono imejaa povu.

"We kijana, unakaanga nini humo ndani?"

Nikashuka kwa mlango wa kushoto, nikainama kwenye gurudumu. Diski ilikuwa inang'aa kwa mafuta. Nikagusa, nikanusa. Nikachungulia upande wa ukingo, vile vile. Nikageuka kumtazama mama yangu. Alikuwa ameshuka, ameshika mkoba wake kifuani, na uso wake ulikuwa umekwisha kujibu.

"Nilizimwagia," akasema. "Mlipofumba macho. Chupa yote ya mafuta ya upako. Nikasema wengine waombee boneti, mimi nitaombea breki." Akaketi chini kwenye majani. "Baba yako alikufa kwa breki, Kyalo. Nilitaka ziwe za Mungu."

Nilikaa kando yake. Yule mama wa kufua naye akakaa, ingawa hatujui jina lake. Tukalia na tukacheka, yote pamoja, mpaka yeye akauliza, "Sasa mnalia ama mnacheka? Nijue nisaidie upande gani."

Nikampigia Mutiso.

"Diski zimeingia mafuta," nikamwambia.

"Mafuta gani? Ya injini?"

"Hapana."

"Ya kupika?"

"Ya upako."

Akacheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Kisha akasema, "Hiyo sikufundishwa. Lakini toa pedi, uzisugue kwenye saruji mpaka uone unga mpya. Diski zioshe na sabuni na maji mengi, suuza, kausha. Ukifika chini uzilete kwangu, nikuwekee mpya."

Nilikuwa na jeki na spana kwenye buti. Kwa breki ya mkono nikalisogeza gari hadi penye bomba, nikafungua magurudumu ya mbele, nikazitoa pedi. Mama akazichukua mikononi mwangu, akapiga magoti penye saruji ya bomba, akaanza kuzisugua kama anayesugua sufuria ya harusi. Yule jirani yetu mpya akaleta sabuni yake ya unga na beseni, akaosha diski pamoja nami. Nilimwambia nitamlipia sabuni. Akanijibu, "Lipa kwa kufika nyumbani."

Tulipomaliza nikalijaribu gari pale pale penye tambarare ndogo, polepole kama mtu anayetembea. Nikakanyaga. Likashika. Nikarudia, likashika tena na tena.

Lakini mteremko wote ulikuwa bado mbele yetu. Mama akasema, "Niache hapa. Nitarudi kwa Mjomba, nitakaa." Na nilijua akirudi juu siku ile hatateremka tena maisha yake yote, na mimi sitapanda tena kumtazama. Ndivyo mambo yalivyokuwa yamesimama, ndugu zangu. Ama tunashuka sote wawili, ama hofu inatugawana, mmoja juu na mmoja chini, mpaka kufa.

Nikautazama mguu wangu. Ulikuwa umetulia. Nikafungua mlango wa mbele. "Mama," nikamwambia, "kaa hapa uone ninachofanya."

Alisimama. Akatazama kiti kile kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake. Kisha akaingia, akafunga mkanda.

Tulishuka kwa gia ya pili. Kabla ya kila kona nilimwambia, "Sasa nakanyaga," na nilipokanyaga gari lilitii, naye alivuta pumzi. Baada ya kona kadhaa akaanza kusema mwenyewe, "Sasa." Nikakanyaga kwa neno lake. "Sasa." Nikakanyaga. Tukaushuka mlima ule hivyo, mimi na mama yangu, tukiendesha kwa mdomo mmoja na mguu mmoja.

Ghafla akasema, "Simama."

Nikakanyaga. Gari likasimama.

Ilikuwa kona kama kona nyingine. Chini yake kulikuwa na matuta ya shamba, mahindi na mbaazi, na mtu alikuwa ameanika nguo kwenye ua. Nilikuwa nimeibeba kona ile kichwani mwangu tangu utotoni, na kichwani ilikuwa giza lenye meno. Hapa palikuwa na mbaazi tu, zinachanua manjano.

Mama akafungua mlango, akashuka. Alisimama ukingoni na viatu vyake vya kanisani. "Hapa ndipo," akasema. "Alikuwa akipiga mluzi kila akikaribia hapa, nimsikie kule juu kwetu nikiwa msichana, nijue lori lake linashuka." Sikuwahi kulisikia jambo hilo. Miaka yote tulizungumzia kifo chake, hatukuwahi kuzungumzia mluzi wake.

Akarudi ndani ya gari, akafunga mkanda mwenyewe. "Twende," akasema, "mbuzi nyumbani hawajafungiwa." Tukateremka mpaka chini, akinisimulia habari za baba njia nzima.

Ndugu zangu, wapo watakaosema mafuta yalishindwa. Mimi nasema sivyo! Mama aliomba gari lisimame, na Mungu alimjibu bila kuyatumia mafuta yake. Alitumia gia na ukingo wa udongo. Alitumia sabuni ya mwanamke tusiyemjua, na kicheko cha fundi. Namshukuru kwa kila kimoja. Gari limewekwa pedi mpya. Ubavu wake bado una mikwaruzo, na sitaipaka rangi.

Na wewe uliyeketi hapo ukiwa na njia unayoizunguka kila siku, usiogope kumwamini Mungu. Hutahitaji kuwa jasiri kwanza. Mimi sikuwa. Mwite ukiwa unatetemeka hivyo hivyo. Jumamosi ijayo tunapanda Mbooni tena kumwona Mjomba. Mama amekwisha kuchukua kiti cha mbele, na hatakitoa kwa mtu. Lakini nyuma kuna nafasi. Anayeogopa kuteremka, aje. Tutashuka pamoja, na mama atasema "sasa" kwa ajili yetu sote. Amina!