Nishrin Aliyeusimamisha Mtambo

Miaka thelathini na mbili na miezi mitatu. Nimemwambia Umi aandike hivyo hivyo na ile miezi mitatu asiiache, maana ofisini wana tabia ya kukata mikia ya watu. Nishrin Fatehali, mkaguzi wa ubora wa kiwanda chetu cha vidonge hapa Mitwero, anavua koti jeupe tarehe thelathini mwezi huu wa sita. Mimi Somoe, mfagiaji, shule sikwenda. Kalamu kashika Umi wa mapokezi, maneno yangu. Wameniambia niseme machache ya kumuaga, tena ya furaha. Ya furaha yapo. Machache siwezi.

Kwao Nishrin ni wale wa duka la vitambaa Lindi mjini. Babu kaunta, baba kaunta, kaka yake Raza yuko kaunta mpaka leo, na kanga zake nzuri, hiyo simnyimi. Nishrin alipoomba kazi kiwandani, shangazi zake walisema huyu atarudi kabla ya Idi. Idi ngapi zimepita? Wanihesabie wao.

Alianza kufunga chupa, akasogea kwenye ukaguzi, hakutoka tena. Zamani zile vidonge tulivitengeneza kama pilau la harusi: sufuria moja ikiiva unaepua, unaonja, unainjika nyingine. Halafu, miaka sita nyuma, ukaja huu mtambo usiosimama. Unga unaingia huku, vidonge vinatoka kule, kutwa. Wa kuonja ndiyo lile jicho. Ni kidirisha cha kioo, nyuma yake taa, taa inamulika unga unaopita, kompyuta inasema dawa imo ya kutosha au haimo. Mafundi waliokuja kuufunga wakamwambia Nishrin, mama, sasa pumzika. Akawajibu atapumzika kaburini. Kila asubuhi akiingia alikuwa analiambia lile jicho, "Umeamkaje? Leo usinidanganye." Vijana walikuwa wanamcheka. Mimi nilikuwa nacheka zaidi yao.

Sasa ile siku. Ofisini hawaitaki kwenye karatasi hii. Andika, Umi.

Ilikuwa masika, Jumanne, unyevu mpaka chumvi inalia kwenye kopo. Tunatengeneza vidonge vya presha, vile ninavyomeza mimi mwenyewe kila nikiamka. Lori limeegeshwa nje, linapakia, lipite Mingoyo liende bara. Saa saba mchana Nishrin akanyanyuka kwenye kiti chake, akabonyeza kitufe chekundu. Mtambo kimya. Miaka yote sikuwahi kuusikia ule ukimya mchana kweupe, nikadondosha ufagio.

Meneja Josephat akaja mbio. "Nani kasimamisha?"

"Mimi."

"Kompyuta inasema dawa safi!"

"Inasema namba ileile tangu asubuhi, meneja. Hata uji wa sufuria moja, kijiko hiki na kile havifanani. Hili jicho limekodoa tu, halioni."

"Ukikosea, kesho usije."

"Nikikosea siji. Nikipatia, utaniamkia. Nimekuzidi miaka kumi na shikamoo yako sijaisikia tangu uhamie hapa."

Akaegemea ukuta pale kwenye kitufe, mikono kaikunja. Magdalena wa maabara akachukua vidonge, vya asubuhi mbali, vya mchana mbali. Saa nzima tumesimama. Nishrin ana mtoto chuo wakati ule, mume kashafariki, na kazi yake iko mle kwenye vichupa vya Magdalena. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kaa hata kwenye ndoo." Hakukaa.

Majibu yakatoka. Vya asubuhi sawa. Kuanzia saa nne dawa inapungua, inapungua, vya mwisho vina nusu. Unyevu uliugandisha unga wa dawa, mdomo unaoumwagia mtamboni ukawa unaziba kidogo kidogo, tungechelewa ungetengeneza chokaa tupu. Nishrin akaenda mwenyewe kwenye lori, kila boksi limeandikwa saa yake, akateremsha yote ya kuanzia saa nne. Na Josephat, mbele ya watu, akamwamkia. Akaitikiwa marahaba, basi, hakuongezewa.

Wakalifungua lile jicho kujua limepofuka na nini. Kioo kina mafuta, unga umeganda juu yake kama kwenye chapati, kwa hiyo jicho lilikuwa linatazama unga uleule wa asubuhi. Mafuta ya nani? Yangu. Kwetu Nyangamara masika kioo cha kujitazamia tunakifuta kwa mafuta ya ufuta kisiingie ukungu. Nami asubuhi ile, mtambo haujawashwa, niliona kidirisha kina ukungu, kitambaa changu kiko mfukoni, nikakipitisha. Nikasema palepale kwamba ni mimi. Josephat akasema bibi huyu aondoke leo.

Nishrin akamgeukia. "Nani alimwambia kile ni jicho? Sisi tulimwambia kioo, na vioo ndiyo kazi yake. Ukimfukuza huyu aliyesema, kesho atakayekosea ataficha, na vidonge vibovu vitaondoka. Mwandike na mimi basi, tutoke wawili."

Hatukutoka. Siku ile ikaandikwa sheria: yeyote akiona kitu hakieleweki, hata mfagiaji, abonyeze. Na mimi nikapewa kitambaa kikavu cha jicho, kila zamu nalifuta, naweka duara langu kwenye daftari la Nishrin. Maduara hayo yamejaa madaftari tisa. Tangu hapo mtambo umesimamishwa mara kumi na moja, mara nane bure. Nishrin hakumgombeza hata mmoja wa zile nane.

Mwezi uliopita wakamuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu. Walitaraji aseme kochi. Akasema, ile karatasi waliyoibandika ukutani pale kwenye kitufe ibanduliwe. Umi alinisomea: kuanzia mwezi wa saba kitufe kitiwe kifuniko na kufuli, ufunguo akae nao meneja. Wakacheka, wakanunua kochi.

Leo asubuhi karatasi haikuwepo ukutani. Msimuulize Umi, msiwasumbue walinzi. Nimeibandua mimi Somoe, imo kwenye pipa la taka la nyuma. Kusafisha kuta ndiyo kazi yangu. Wakibandika nyingine, nitasafisha tena, na nitasema tena kwamba ni mimi, kama nilivyofundishwa.

Nishrin, mdogo wangu, ahsante kwa miaka yote, na kwa ile Jumanne. Mungu akupe afya na usingizi wa mchana, ulikalie hilo kochi lao mpaka lichakae. Asubuhi jicho nitaliamkia mimi.